Jibu: Fildi famasi ya mtaani au hospitali?

Mdogo wangu, umeuliza kama fildi (mafunzo ya vitendo ya chuo) kwenye famasi ya mtaani ni kupoteza muda. Hapana kabisa. Mimi wiki ya kwanza nilipanga maboksi tu, na iliniuma. Wiki ya pili akaja mama, mwanawe amepimwa ana malaria, kaandikiwa dawa ya mseto (ALu). Nikamweleza: dozi ya pili baada ya masaa 8, kisha kila masaa 12 hadi siku 3 ziishe, na mtoto ale kwanza. Nikamwomba arudie. Akasema, "Asubuhi na jioni." Dozi ya masaa 8 imeshapotea! Tukaandika kwenye bahasha: ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili saa 12 jioni, ya tatu kesho yake saa 12 asubuhi... Darasani sikuwahi kuliona hilo. Nenda, ila omba mapema ukae kaunta na mfamasia.