Mzunguko wa Zuhura: siku 225 au 243?

SWALI: Binti yangu amekuta kitabu kimoja kinasema "mzunguko wa Zuhura ni siku 225", kingine kinasema siku 243. Kipi kimekosea?

JIBU: Hesabu zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuliacha neno "mzunguko" peke yake bila kusema sayari inazunguka nini. Zuhura hulizunguka Jua kwa siku 225, na hujizungusha kwenye mhimili wake mara moja kwa siku 243. Ni sayari inayojizungusha polepole mno, hata mwaka wake huisha kabla haijakamilisha duru moja. Kwa Dunia hatupati shida hiyo, kwani hakuna atakayechanganya siku 365 na saa 24.

Kwa hiyo ningewaomba waandishi wa vitabu vya shule waandike "muda wa kulizunguka Jua" na "muda wa kujizungusha". Ni maneno marefu kidogo, lakini mtoto hapotei. Tena mambo haya mawili hayafuati kanuni moja. Mshtarii, iliyo mbali sana na Jua, hujizungusha kwa muda usiofika saa 10. Umbali hautawali jambo hilo. Unachotawala ni muda wa kulizunguka Jua, na hapo Kiswahili kina muundo unaofaa kabisa: "Kadiri sayari inavyokuwa mbali na Jua, ndivyo inavyochukua muda mrefu kulizunguka." Ukianza na "kadiri", usiisahau "ndivyo", bila hiyo sentensi inaning'inia.

Ila muundo huo usimfanye binti adhani kwamba umbali ukiwa mara mbili, muda nao ni mara mbili. Muda huongezeka zaidi ya hapo, kwa sababu sayari ya mbali ina njia ndefu na pia hwenda taratibu: Dunia hukimbia karibu kilomita 30 kwa sekunde, Mshtarii 13 tu. Mwanafalaki Kepler alitangaza mwaka 1619 kanuni ya kupata muda wa kulizunguka Jua kutokana na umbali: umbali, ukipimwa kwa umbali wa Dunia, huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, kisha hutafutwa kipeuo cha pili, nacho ni muda kwa miaka. Umbali wa Mshtarii kutoka kwenye Jua ni mara 5.2 ya umbali wa Dunia. Piga 5.2 × 5.2 × 5.2, utapata karibu 141. Kipeuo cha pili cha 141 ni karibu 11.9. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mshtarii hutumia kulizunguka Jua. Mpe binti afanye vivyo hivyo kwa Mirihi, akianza na 1.52.