Andiko la ruzuku la kikundi: karatasi na hesabu kwanza, maneno baadaye

Kikundi kikiona tangazo la ruzuku, mara nyingi wanachama hukimbilia kutafuta mtu "anayejua kuandika". Wangeanza na mtunza hazina. Anayechambua maombi hasomi andiko kutoka juu kwenda chini. Hufungua bajeti, akarudi kwenye shughuli, akapitia viambatisho, ndipo akasoma maelezo. Muda wote anatafuta mahali ambapo karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile. Kiswahili kitamu hakiwezi kuziba tofauti hiyo, na Kiingereza kigumu ndiyo kabisa.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho: kikundi cha wafuga nyuki cha Tanzania Bara, wanachama 25, kimesajiliwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, kinataka mizinga 60 ya kisasa na mafunzo. Bei tutakazotaja ni za kuonyesha hesabu tu. Bei zenu mtazipata kwa fundi na dukani.

Mfadhili anayelingana na kazi yenu

Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi midogo ya jamii, ule unaoitwa Kusanone. Unaegemea vitu vinavyoonekana na kudumu, kama majengo na vifaa, na haulipi mishahara, posho wala gharama za uendeshaji. Kikundi ambacho nusu ya bajeti yake ni mafunzo na ufuatiliaji kitakuwa kimegonga mlango usio wake. Programu ya Miradi Midogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), iliyoanza mwaka 1992 na kuendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, inatazama mazingira: bioanuwai, mabadiliko ya tabianchi, uharibifu wa ardhi. Kwa miaka mingi ukomo wake wa kawaida kwa mradi mmoja ulikuwa dola 50,000, na anayeamua ni kamati ya taifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Kwa programu kama hiyo, "tutaongeza kipato" peke yake haitoshi. Elezeni mizinga itatundikwa wapi, msitu gani wa kijiji utalindwa kwa sababu wenye mizinga wana faida ndani yake, na nani leo anakata miti hapo kwa mkaa.

Msichanganye ruzuku na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa.

Tangazo lisomwe na watu wasiopungua watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aorodheshe masharti aliyoyaona. Linganisheni orodha. Sharti ambalo wawili hawakuliona ndilo huwa linaangusha ombi: "kikundi kiwe na miaka miwili tangu usajili", au "taarifa ya fedha ya mwaka uliopita iambatishwe". Kama mfadhili anataka shirika lenye usajili wa kitaifa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, cheti cha halmashauri hakitawafikisha. Hapo mnaweza kuomba kupitia shirika lililosajiliwa. Wekeni makubaliano ya maandishi kabla ya kutuma ombi: fedha zitaingia akaunti gani, shirika litabaki na kiasi gani kwa kazi yake, nani ataidhinisha manunuzi. Vikundi vingi hugombana na shirika la namna hiyo baada ya fedha kuingia, na kwa wakati huo hawana karatasi ya kushika.

Jalada

Tandazeni juu ya meza moja cheti cha usajili, katiba, ukurasa wa kwanza wa taarifa ya benki na cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi. Someni jina la kikundi kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Cheti kinasema "Kikundi cha Wafuga Nyuki" na jina lenu. Benki imeandika jina hilohilo na "Beekeeping Group". TIN imeruka neno "Kikundi". Kwenu ni kitu kimoja, kwa mhasibu wa mfadhili ni taasisi tatu. Kurekebisha jina benki kunaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu watataka muhtasari wa kikao, barua ya utambulisho kutoka halmashauri na watia saini wote wafike. Fanyeni hivyo sasa, kabla hata tangazo halijatoka.

Katiba nayo isomwe upya. Ikisema uchaguzi ni kila baada ya miaka 3 na viongozi waliopo walichaguliwa miaka 5 iliyopita, kwa katiba yenu wenyewe hamna viongozi halali. Ikisema watia saini ni mwenyekiti, katibu na mhazini, angalieni kama mhazini wa zamani aliyehamia mjini bado ndiye anayetambuliwa na benki.

Muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba ruzuku uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, ajenda, azimio lenye kiasi kinachoombwa, na saini. Kuna makosa mawili yanayoonekana kwa macho tu. Moja ni kikao kuwa na tarehe ya baada ya andiko lenyewe. La pili ni saini ishirini zenye mwandiko mmoja na wino mmoja. Kwa hili la pili hakuna atakayewauliza. Ombi linawekwa pembeni tu.

Mahali pa mradi panahitaji karatasi yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji unaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri haitoshi. Ombeni nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu. Mizinga ikiwa ndani ya msitu wa hifadhi, mwenye msitu huo atoe ruhusa kwa maandishi, awe kijiji, halmashauri au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Mkitaka kisima badala ya mizinga, basi nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumia maji vilivyosajiliwa. Uchimbaji nao unahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kisima cha kikundi kisichojulikana na chombo hicho ni ugomvi uliolipiwa.

Bajeti

Hapa ndipo pa kutumia siku nyingi. Mstari kama "Vifaa vya nyuki: 7,100,000" hausomeki. Uvunjeni:

Mizinga 60 × 90,000 = 5,400,000
Mavazi ya kinga 8 × 75,000 = 600,000
Mabomba ya moshi 8 × 30,000 = 240,000
Ndoo za kilo 20 zenye mfuniko 30 × 12,000 = 360,000
Usafirishaji wa mizinga, lori safari 2 × 250,000 = 500,000

Jumla ni 7,100,000. Sasa kila namba iwe na jibu lake kwenye maelezo. Kwa nini mavazi 8 wakati wanachama ni 25? Kwa sababu mnavuna kwa zamu, watu wanane kwa usiku mmoja. Mkiandika 25, mchambuzi atahisi mnagawana nguo. Mkiandika 2, atajua hakuna kati yenu aliyewahi kuvuna mizinga 60. Kwa nini safari mbili za lori? Kwa sababu fundi yuko mjini na mizinga 30 ndiyo inayoenea bila kukandamizana. Jibu fupi la namna hii linathibitisha ujuzi wenu kuliko aya nzima ya kujisifu kuwa "tuna uzoefu wa kutosha".

Angalieni kodi. Kama profoma ya fundi, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, ni bei kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), yeye amesajiliwa na mizinga inatozwa kodi hiyo, ile 5,400,000 itageuka 6,372,000 kwa asilimia 18. Pengo la 972,000 halitalipwa na mfadhili baada ya mkataba, litalipwa kwa kununua mizinga pungufu. Kila profoma iseme wazi kama VAT imo au haimo, na bei itadumu hadi lini. Profoma nyingi hufa baada ya siku 30 au 60, ilhali kutoka kutuma ombi hadi fedha kuingia inaweza kupita miezi mingi. Muombeni muuzaji muda mrefu zaidi, au chukueni profoma mpya wiki ya mwisho kabla ya kutuma. Zikitakiwa tatu, ziwe za wauzaji watatu wa kweli, kwa vipimo vilevile vya mzinga, ubao uleule. Profoma tatu zenye makosa yaleyale ya herufi zinatambulika.

Vitu vidogo ndivyo husahauliwa: waya wa kutundikia, nta ya kuvutia makundi ya nyuki, grisi ya kuzuia sisimizi, ada za benki, nauli ya mhazini kwenda mjini kuchukua fedha. Kwa mkufunzi, ulizeni kuhusu kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ni asilimia 5. Inakatwa kwenye malipo yake na kupelekwa TRA, na yeye aelezwe mapema asije akadhani mmempunja.

Kama fomu ni ya dola, jengeni bajeti kwa shilingi hadi mwisho, kisha mbadilishe mara moja tu na kuandika kiwango mlichotumia na tarehe yake. Anayebadilisha mstari kwa mstari huishia na jumla zisizokubaliana.

Mchango wa kikundi ni eneo la vishawishi. Nguvukazi inahesabika vizuri: watu 20 × siku 5 × 7,000 ni 700,000, kwa kazi ya kusafisha njia na kutundika mizinga. Tumieni ujira wa kibarua unaolipwa kijijini kwenu, na fungueni daftari la mahudhurio siku ya kwanza ya kazi, maana mtaulizwa. Msiahidi fedha taslimu ambazo hazimo benki leo. Kikundi chenye 400,000 kwenye akaunti kinachoahidi mchango wa 3,000,000 kimejikana chenyewe kwa taarifa ya benki kilichoambatisha.

Na mavuno. Mizinga 60 haitaingia nyuki yote mwaka wa kwanza, mingine itakaa mitupu msimu mzima. Mkikadiria kwamba 36 itapata makundi na kila mmoja kutoa kilo 10, mna kilo 360. Hiyo inaaminika, na mtu wa nyuki ataikubali au ataijadili. Mkiandika 60 × kilo 20 × mara mbili kwa mwaka, mmepata kilo 2,400 na mmempoteza msomaji. Zaidi ya hapo, namba hizo zitageuka kipimo chenu kwenye mkataba. Mtaahidi wenyewe, na mtashindwa kwa ahadi yenu wenyewe.

Ratiba iandikwe kwa "mwezi wa 1, wa 2" kuanzia fedha zinapoingia, lakini msimu utajwe. Mizinga inayofika baada ya makundi kuhama na maua kuisha itasubiri karibu mwaka. Semeni hivyo wazi: "fedha zikichelewa kupita mwezi fulani, mafunzo yatatangulia na utundikaji utasubiri msimu". Wachache sana huandika sentensi hii, na inaonyesha kuwa mradi una mwenyewe.

Maelezo, na wanaojitolea kuwaandikia

Sehemu ya tatizo isianze na umaskini wa Afrika. Ianze na hesabu mliyofanya wenyewe: kaya ngapi kijijini, ngapi zina mizinga, wanauza kilo moja kwa bei gani na kwa nani, kilomita ngapi hadi soko. Siku mbili za kuzunguka na daftari zinatosha, na mtakuwa na namba ambazo hakuna kikundi kingine kinazo.

Mkimpata mtu wa kusaidia kuandika, mlipeni kwa kazi aliyofanya. Msikubali asilimia ya fedha zitakazopatikana. Wafadhili wengi hawaruhusu ruzuku ilipe gharama ya kuandaa ombi, kwa hiyo asilimia hiyo itabidi itolewe kwenye mizinga kwa risiti ya uongo. Likishafika andiko lake, lisomeni lote kwa sauti kikaoni. Ndivyo mtakavyogundua jina la kijiji kingine lililobaki ukurasa wa tisa. Na yeyote anayetaka mtume "ada ya kufungua faili" kwa simu ili ruzuku itoke, huyo ni tapeli, hata kama nembo yake inang'aa.

Wakija kuwatembelea, na fedha zikija

Mgeni wa mfadhili atamsikiliza mwenyekiti kwa adabu, kisha atamsogelea mama aliyekaa nyuma amuulize: "Mmeomba shilingi ngapi? Mizinga itakuwa ya nani?" Kila mwanachama ajue kiasi, ajue mizinga ni ya kikundi au imegawiwa, ajue asali ikiuzwa fedha zinakwenda wapi. Wasikaririshwe. Wakiwa walikuwepo kikaoni watajibu wenyewe.

Fedha kwa kawaida hutoka kwa awamu, na awamu ya pili hufuata taarifa ya ya kwanza. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, iandikwe jina la kikundi na TIN yake papo hapo dukani. Kwa muuzaji wa kijijini asiye na mashine, au kibarua, andaeni hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, namba ya simu na saini au dole gumba. Kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hata kwa nia njema, kunahitaji ruhusa. Mikataba mingi huruhusu asilimia ndogo bila kuuliza, mara nyingi 10, na zaidi ya hapo ni barua kwanza na majibu kwanza. Mizinga ikipatikana kwa bei nafuu, salio halinunui viti vya mkutano. Andikieni mfadhili mkieleza kiasi kilichobaki na mapendekezo yenu, na fedha zikae benki hadi jibu lifike kwa maandishi.