Mpangaji anayesubiri hela ya korosho

Dada, umesema vyumba vyako vinne hapo Chuno, Mtwara, vimekamilika, na mpangaji wa kwanza anataka kulipa akishauza korosho. Usimkatalie. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, na mkulima hupata hela kwa mkupuo, kwa hiyo mwandikie mkataba wa kulipa mwaka mzima msimu ukifika, mjumbe akishuhudia. Ila asiingie kabla hujapokea kodi ya miezi mitatu.

Kinachonitia hofu hasa ni hiyo LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kuwa moja kwa vyumba vyote. Mwenye friji na mwenye taa mbili hawaelewani kabisa kwenye kuchangia umeme, na wapangaji wazuri ndio huhama kwanza. Tafadhali, funga mita ndogo kila chumba sasa, kabla hajaingia mtu. Mabati nayo, upepo wa chumvi huyala haraka; tenga akiba mapema.