Beringi Mpya, Mlio Uleule: Maswali ya Wasomaji kuhusu Mota za Umeme

Barua nne za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni mtetemo na mlio wa beringi katika mota za vyombo vya umeme. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu kosa lililomo nimeliona katika gereji nyingi mno.

SWALI: Ndugu mhandisi, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa magari wa siku nyingi, na sasa naletewa magari madogo ya umeme yaliyotumika ambayo hushushwa bandarini kutoka Japani. Moja lilikuja likivuma kwenye mota. Niliifungua mota, nikakuta beringi za rota, ile sehemu inayozunguka, zina nafasi kidogo, nikaweka mbili mpya za bei ya juu. Upande mmoja hausingi, yaani ganda linaloishika beringi, ilikuwa imelegea kidogo, nikaipiga vinundu kwa sentapanchi ili beringi ishike. Mlio ulipungua kwa wiki chache, kisha ukarudi, na husikika zaidi dereva anapoachia pedeli na mota kuanza kurudisha umeme kwenye betri. Je, nimeuziwa beringi bandia?

JIBU: Beringi bandia zipo sokoni, kwa hiyo siwezi kuliondoa shaka hilo moja kwa moja. Hata hivyo, maneno mawili katika barua yako yananielekeza kwingine: la kwanza ni sentapanchi, na la pili ni kwamba mlio huongezeka pedeli inapoachiwa.

Tuanze na beringi yenyewe. Hata ikiwa mpya na safi kabisa, beringi ya gololi hutetemeka, kwa sababu rota huwa imekaa juu ya gololi chache tu zilizo upande wa chini, na idadi ya gololi zinazobeba mzigo hubadilika kila mara keji, yaani fremu inayozitenganisha gololi, inavyozunguka. Mara rota inabebwa na gololi mbili, mara na tatu, na kila badiliko huiinua na kuishusha kidogo sana. Nafasi ya ndani, yaani ule ulegevu kati ya gololi na pete zake, ikiwa kubwa, gololi zinazobeba huwa chache zaidi na mtikisiko huo hukua. Juu ya hayo, gololi za upande wa juu, ambazo hazina mzigo, huacha kuviringika vizuri na kuanza kuteleza na kugongagonga keji.

Dawa ya hali hiyo ni mzigo wa awali, yaani kuisukuma beringi kidogo muda wote ili isilegee, na katika mota nyingi huletwa na kitu ambacho mafundi wengi hukiona takataka: ile washa nyembamba yenye mawimbi inayokaa ndani ya hausingi, nyuma ya pete ya nje ya beringi ya upande mmoja. Washa hiyo ni springi. Huisukuma pete ya nje kwa kufuata urefu wa shafti, ikakomesha ulegevu wote, na gololi zote zikagusana na pete zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa mota ndogo za umeme, kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa beringi ni nguvu ya nyutoni 5 hadi 10 kwa kila milimita ya tundu la beringi. Kwa beringi yenye namba 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25, hiyo ni nyutoni 125 hadi 250, na uzito wa ndoo ya lita 20 ya maji unaangukia katikati ya hapo. Washa iliyolala bapa kwa uzee, au iliyobaki kwenye sinia la boliti baada ya kufunga, haiwezi kusukuma namna hiyo.

Sasa fikiria gari lako. Shafti ya rota inaendesha gia zenye meno ya mshazari, na meno ya namna hiyo husukuma shafti kwa urefu wake pia. Dereva anapokanyaga pedeli, shafti husukumwa upande mmoja. Anapoachia na mota ikageuka jenereta, husukumwa upande wa pili. Ikiwa washa haifanyi kazi, rota nzima huhama kidogo kila safari, na beringi hupokea pigo ambalo haikuandaliwa. Ndiyo sababu mlio wako hufuata mguu wa dereva.

Hapa ndipo sentapanchi inapoingia, na ninaomba usinichukie kwa kusema wazi kwamba desturi hii iachwe kabisa katika mota za umeme. Ili washa iweze kusukuma, pete ya nje ya upande huo lazima iteleze kwa wepesi ndani ya hausingi. Ukiipiga hausingi sentapanchi, au ukiipaka gundi ya kubana, pete hunasa na washa hubaki kusukuma kitu kisichosogea. Zaidi ya hapo, vinundu vya sentapanchi huibonyeza pete ya nje, ambayo si nene, na njia ya gololi ikapoteza uduara wake. Gololi zinapopita juu ya migongo hiyo, mota huvuma hata kama beringi ilitoka kiwandani ikiwa ya daraja la juu kabisa.

Hausingi hiyo ni ya aluminiamu, nayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua beringi ya 6205, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 52: mota ikipata joto la nyuzi 60 zaidi ya lile la gereji, hausingi hupanuka kuliko pete kwa takriban mikroni 34. Ulegevu kidogo ukiwa baridi hugeuka ulegevu mkubwa barabarani, na pete ya nje huanza kujizungusha polepole na kuila hausingi. Iliyokwisha kuliwa ipelekwe kwa fundi wa leti, itobolewe upya na kuvishwa kikombe cha chuma kwa kipimo sahihi. Wapo watengenezaji wanaoweka pete ya mpira kwenye mfereji wa hausingi ili kuizuia beringi isijizungushe huku ikiruhusiwa kusogea. Ukiikuta, weka mpya ya kipimo kilekile.

Angalia pia maandishi ya C3 kwenye beringi uliyoitoa. Kwa tundu la milimita 25, beringi ya kawaida huwa na nafasi ya ndani ya mikroni 5 hadi 20, na ya C3 mikroni 13 hadi 28. Nafasi hiyo kubwa huwekwa kwa makusudi, kwa kuwa pete ya ndani hubanwa na shafti na hupata joto la rota, ikatanuka kuliko ya nje. Ukiweka ya kawaida mahali pa C3, inaweza kukaza mota inapochemka. Ukiweka C3 bila washa, ulegevu wote unabaki pale ukigonga. Vitu hivyo viwili ni vya kwenda pamoja.

Mwisho, nyundo. Beringi inayoingizwa kwenye shafti isukumwe kwa presi kupitia pete ya ndani pekee. Ukiigonga pete ya nje, nguvu yote hupita kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye njia yake kabla gari halijatoka gereji. Kuipasha moto husaidia, lakini beringi yenye sili na grisi ndani isizidi nyuzi 80 za selsiasi, na moto wa gesi usiikaribie hata kidogo.

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninasoma uhandisi wa mitambo Dar es Salaam. Katika mafunzo kwa vitendo tulipasua beringi ya mota ya gari la umeme, tukakuta njia ya gololi ina mistari iliyopangana sawasawa kama bati la kuezekea. Msimamizi alisema ni uchakavu wa kawaida. Mota za pampu tulizofungua hazikuwa na mistari hiyo. Tofauti inatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kutoridhika na jibu hilo. Mistari hiyo ni alama ya umeme uliopita ndani ya beringi.

Mota ya pampu iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi hupata mkondo unaopanda na kushuka taratibu, mara 50 kwa sekunde. Mota ya gari hulishwa na inveta, inayokata umeme wa betri vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato ni mruko mkali wa volti, na jumla ya volti za nyaya tatu haifikii sifuri. Sehemu ndogo ya volti hiyo huvuka nafasi ya hewa kutoka stata, sehemu ya mota isiyozunguka, hadi rota, na shafti ikawa na volti yake. Kati ya shafti na bodi ya mota kuna utando wa grisi tu chini ya gololi, mara nyingi mwembamba kuliko mikroni moja. Volti ikizidi uwezo wa utando huo, cheche ndogo hupita na kuyeyusha nukta ya chuma. Cheche moja haina madhara ya kuonekana, lakini zikiwa nyingi mno uso wa njia hufifia kama kioo kilichopigwa msasa, gololi huanza kurukaruka, na mruko hukaza mahali palepale hadi mistari ya bati ijichonge. Grisi nayo huungua na kuwa nyeusi.

Kuna njia tatu za kuzuia, na mimi ningezitumia kwa kuunganisha. Unaweza kuupa mkondo njia rahisi zaidi kwa brashi au pete ya nyuzi za kaboni inayogusa shafti na bodi. Unaweza kuuzuia kwa beringi ambayo gololi zake ni za kauri ya silikoni nitridi, isiyopitisha umeme, au iliyopakwa oksidi ya aluminiamu kwenye pete ya nje. Na unaweza kuupunguza katika chanzo kwa pete za sumaku kwenye nyaya za inveta. Tahadhari yangu ni kwamba ukizihami beringi za mota pekee, bila brashi, mkondo unaweza kufuata shafti hadi kwenye gia na kuzila beringi za huko.

Kauri ina faida nyingine inayohusu mtetemo moja kwa moja. Mota ya Nissan Leaf ya kwanza, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2010, hufika mizunguko 10,390 kwa dakika, wakati mota ya pampu yenye ncha nne za sumaku haifiki 1,500. Nguvu inayoitupa gololi nje hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gololi ileile katika beringi ileile ingetupwa kwa nguvu ya takriban mara 50. Silikoni nitridi ina uzito wa gramu 3.2 kwa sentimita moja ya ujazo, na chuma 7.8, hivyo nguvu hiyo hushuka kwa zaidi ya nusu.

Mwendo huo ndio pia unaofanya ulinganifu wa uzito wa rota uwe jambo la lazima. Kwa daraja la G2.5, linalotumika sana katika mota, rota ya mizunguko 10,000 kwa dakika huruhusiwa kosa la gramu-milimita 2.4 tu kwa kila kilo yake. Rota iliyoanguka chini, au iliyong'olewa kwa kugongwa, irudishwe kwenye mashine ya kusawazishia kabla haijapewa beringi mpya.

SWALI: Naendesha bodaboda ya umeme Kisumu. Mota iko ndani ya gurudumu la nyuma. Kila nikiosha pikipiki kwenye kaa wosh, baada ya siku chache nasikia mkwaruzo gurudumuni. Nifanye nini?

JIBU: Kwako mwendo si tatizo: gurudumu lenye mzingo wa mita 1.9 huzunguka kama mara 525 tu kwa dakika ukiwa kilomita 60 kwa saa. Tatizo ni maji. Mota ikitoka kazini ina joto, na hewa iliyomo imetanuka. Ukiipiga maji baridi, hewa husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili, kisha kutu huanza kwenye njia ya gololi. Iache ipoe nusu saa au zaidi, na mpuliziaji asielekeze maji kwenye ekseli. Mkwaruzo ukishaanza, beringi haiponi kwa kuongezwa grisi. Badilisha zote mbili, na uchague zenye alama ya 2RS, yaani sili za mpira zinazogusa pete pande zote mbili, badala ya ZZ, ambazo vifuniko vyake vya bati huacha upenyo.

SWALI: Mhandisi, mimi ni fundi wa Arusha. Sina kifaa cha kupimia mtetemo. Simu yangu inaweza kunisaidia kujua kama ni beringi au la?

JIBU: Inaweza, ukijua mipaka yake. Kipimo cha mtikisiko ndani ya simu husoma mamia machache tu ya mara kwa sekunde, na huwezi kuona masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz), yanayozidi nusu ya hapo. Maikrofoni husoma 44,100 au zaidi, kwa hiyo tumia programu inayochora masafa ya sauti, na uishikilie simu mahali palepale kila unapopima.

Kisha piga hesabu. Beringi ya 6205 yenye gololi 9 hutoa mlio wa jeraha la pete ya nje mara 3.58 kwa kila mzunguko wa shafti, na wa pete ya ndani mara 5.42. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, tafuta vilele karibu na 179 Hz na 271 Hz; vitasogea kidogo kwa sababu gololi huteleza. Jeraha la pete ya ndani huzunguka likiingia na kutoka kwenye mzigo, hivyo kilele chake huwa na wenzake pembeni, 221 na 321, yaani 271 ukitoa au kujumlisha 50. Kilele kimoja kikubwa kwenye 50 Hz yenyewe ni dalili ya rota isiyosawazishwa. Gia utazijua kwa kuzidisha meno ya pinioni, yaani gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, kwa 50.

Kuna jaribio ambalo halihitaji hata simu. Katika barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika mwendo ambao mlio unasikika vizuri, kisha weka gia ya N na uliache gari lijiendee. Mota haina tena mzigo, ila rota inazunguka kwa kasi ileile. Mlio ukipotea papo hapo, chunguza kwanza sumaku, inveta na meno ya gia. Ukibaki na kushuka polepole pamoja na mwendo wa gari, fungua mota, na kabla ya kuitoa beringi yoyote tazama washa yenye mawimbi iko upande gani na imekaaje.