Nimekutwa na kaswende kliniki, mume anasema nimeileta mimi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Sengerema. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, giza lote yuko visiwani, mbalamwezi ikiingia anarudi nyumbani siku chache. Nina ujauzito wa miezi mitano. Wa kwanza niliupoteza ukiwa wa miezi saba, mtoto alizaliwa amekufa. Ule ujauzito sikupimwa damu, waliniambia vipimo vimeisha.*

*Sasa kliniki wamenitoboa kidole, VVU sina ila kaswende ninayo. Nimechomwa sindano moja, bado mbili, na nimeambiwa nije na mwenzangu. Nilipompigia simu akasema yeye hana kidonda wala hawashwi, kwa hiyo nimeutoa kwa wanaume zangu. Kabla yake nilikuwa na mchumba mmoja tu. Mimi pia sina dalili yoyote. Usiku wa ile sindano nilishikwa na homa kali, naogopa dawa inamdhuru mtoto, hata ya pili sijui niende. Shangazi, nani kaleta huu ugonjwa? Na ndio uliomuua mtoto wangu?*

*Mama Mtarajiwa*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mtoto uliyemzika, na pole kwa maneno ya kwenye simu.

Tuanze na sindano, maana mengine yote yanaweza kungoja. Nenda. Hizo tatu hupishana wiki moja moja, na tarehe iko kwenye kadi yako. Kama unasoma hapa na tarehe imeshapita, nenda kesho asubuhi. Kwa mjamzito zikipishana sana unaweza kuambiwa uanze upya, na sidhani kama tako lako lina hamu hiyo, dawa yenyewe nzito kama uji.

Ile homa si dawa kumdhuru mtoto. Vijidudu vikifa vingi kwa mpigo mwili hushtuka: homa, baridi, kichwa, viungo kuuma. Huja ndani ya saa 24 za mwanzo kisha hupita. Ilibidi uambiwe kabla hujatoka chumba cha sindano, lakini ndiyo hivyo, foleni ilikuwa ndefu. Ukisikia tumbo linabana na kuachia, au mtoto amepunguza kucheza, hapo usisubiri kupambazuke, nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Benzathini penisilini ndiyo dawa ya kaswende kwa mjamzito, kwa sababu inapita kwenye kondo la nyuma na kumtibu mtoto humo humo tumboni. Vidonge vya rangi mbili vya duka la dawa haviwezi kazi hiyo, na baadhi ya dawa za jamii hiyo mjamzito hatakiwi hata kuzigusa. Tena hili limepimwa huko huko kwenu. Watafiti walifuatilia wajawazito mkoani Mwanza, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya waliokuwa na kaswende ya kiwango cha juu kwenye damu bila matibabu, karibu mmoja kwa kila wanne alijifungua mtoto mfu. Waliochomwa sindano moja ya benzathini wakati wa ujauzito, matokeo yao hayakutofautiana na ya wanawake wasio na ugonjwa kabisa. Moja tu, mwanangu. Na wewe una miezi minne mbele yako.

Sasa nani kaleta. Umejiuliza kwa nini unachomwa tatu? Kaswende changa hutibiwa kwa sindano moja. Tatu hupewa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa siku nyingi, au haujulikani umeingia lini. Yaani nesi aliyekupima, mwenye kipimo mkononi, hajui kama ni wa mwaka huu au wa kabla hujaolewa. Mumeo aliyeko kisiwani kaujulia wapi?

Ugonjwa huu una tabia ya kujificha. Huanza na kidonda kimoja, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, na hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kabisa kwenye shingo ya kizazi asikione. Kwa mwanaume chini ya govi, akadhani kajikwaruza. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe. Baadaye wengine hutoka vipele, hata kwenye viganja na nyayo mahali ambapo vipele vya kawaida havipendi, navyo hupotea. Kisha kimya, miaka. Muwasho si dalili yake kubwa, kwa hiyo huyo bwana asiyewashwa hajatuambia kitu.

Kwa hiyo inawezekana ni yeye. Mimi si mtoto, ya mialoni, kule wavuvi wanakoshukia, nayajua. Inawezekana ni yule mchumba wako wa zamani, ukaishi nayo bila kujua. Inawezekana mumeo alikuja nayo kwenye ndoa, naye hajui mpaka leo. Tena akipima anaweza kukutwa hana: mtu aliyekaa na kaswende miaka kadhaa mara nyingi haiambukizi tena kitandani, lakini kwa mtoto tumboni bado inapita. Kwa hiyo majibu yake yakiwa safi yasigeuzwe hukumu juu yako, na yakiwa machafu usiyageuze hukumu juu yake. Kama una ushahidi mwingine wa nyumba ndogo, hiyo ni barua nyingine, niandikie.

Na wanaume wana hesabu yao inayonichosha. Mke akipima VVU akakutwa hana, "umepima wewe inatosha, nami mzima." Akikutwa na kaswende, ghafla damu zenu hazijuani.

Kuhusu mwanao wa kwanza: inawezekana. Kaswende huua watoto tumboni, hasa miezi ya mwisho. Lakini presha huua pia, malaria huua, kisukari huua, na bila kipimo cha wakati ule hakuna atakayekuambia kwa hakika. Ninachojua ni kwamba ulikwenda kliniki na hukupimwa kwa sababu vipimo havikuwepo. Hilo halikuwa kosa lako.

Mumeo usimmalize kwenye simu. Subiri mbalamwezi. Akirudi, mpe siku ale alale, na usiongee mbele ya mama mkwe. Mwambie hivi: "Damu yangu imeonekana na ugonjwa unaoweza kumuua mtoto. Nimeanza sindano. Wewe usipotibiwa utaweza kunirudishia, na mtoto yuko hapa." Akianza nani kaleta, rudi kwenye mtoto. Tena rudi kwenye mtoto. Kama unaogopa atakupiga, usimwambie peke yako. Mweleze nesi, akuandikie karatasi ya wito wa mwenza, au amwite mwenyewe. Mpaka wote mmemaliza dozi na wiki imepita, hakuna tendo. Akilazimisha, kondomu.

Ili asigome kwenda, jueni kwamba kliniki nyingi mwanamke aliyekuja na mwenza huhudumiwa kwanza. Na ombeni mwongee ndani, mlango umefungwa. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, mimba yangu ya pili, katika kituo ambacho sikitaji, nesi alichungulia benchini akaita, "Wale wa kaswende wabaki!" Tukabaki wawili, na macho ya benchi zima. Yule mwenzangu sikumwona tena kliniki.

Naye akiambiwa tatu, kwenye mbalamwezi moja hazitamtosha. Achomwe ya kwanza nyumbani, aombe maandishi ya dawa na tarehe, za pili na tatu akachomwe zahanati ya kisiwani. Aulize kwanza kwa simu kama dawa ipo. Hata kipimo chake kikisoma hana, wanaweza kumtibu kwa sababu ya kukaa na wewe, asibishane nao.

Kipimo kile kidogo cha kidole hakioni magonjwa mengine ya zinaa kama kisonono na klamidia, kwa hiyo kama una uchafu usio wa kawaida au maumivu chini ya kitovu, sema, usisingizie UTI. VVU mrudie kupima kabla ya kujifungua, wote wawili. Kajifungulie kituoni, umwambie mkunga mapema ili mtoto akaguliwe, huenda naye akachomwa.

Na kadi yako hakikisha imeandikwa dawa na tarehe za sindano zote tatu, itunze. Kipimo hicho cha haraka kinaweza kuendelea kusoma unayo maisha yako yote hata ukiwa umepona. Ujauzito ujao nesi mwingine atakutoboa kidole, kitasoma vile vile, na mumeo atataka kuanza upya kesi. Utamtolea kadi, na utaomba kile kipimo kingine cha damu kinachoonyesha kama ugonjwa bado ni hai.