Fumbo Husomwa Kwanza, Ndipo Likokotolewe

Mpe mwanafunzi wa darasa la nne 24 − 8, ataandika 16 bila kusita. Kisha mpe fumbo hili, yaani hesabu ya maneno: "Neema ana machungwa 24. Ana machungwa 8 zaidi ya Baraka. Baraka ana machungwa mangapi?" Wengi wataandika 32. Kutoa wanajua, lakini wameona "zaidi ya" na mkono ukakimbilia kujumlisha.

Pima darasa lako kabla ya kulitibu. Leo toa maswali 5 ya tarakimu tupu, kesho toa 5 ya mafumbo yenye namba zilezile. Anayepata yote leo na mawili tu kesho hahitaji kurundikiwa mazoezi ya kutoa. Anahitaji kufundishwa kusoma. Anayekosa siku zote mbili ana shida nyingine, naye ashughulikiwe peke yake.

Lazima tukubali kwamba sehemu ya kosa hili tumelipanda sisi walimu. Tunawaambia watoto: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "baki" toa. Mbinu hiyo inaonekana kufaa darasa la pili, halafu inamsaliti mtoto pale hasa anapoihitaji. "Babu aliuza mbuzi 9, wakabaki 14. Mwanzoni alikuwa na mbuzi wangapi?" Neno "wakabaki" limo, na jibu ni kujumlisha. Neno moja halina uwezo wa kukuambia tendo. Habari nzima ndiyo inayokuambia. Achana kabisa na bango la maneno hayo ukutani.

Badala yake, fumbo lisomwe mara tatu, kila mara kwa kazi yake. Tuchukue mfano wa darasa la sita ambao mtoto yeyote wa Moshi anaweza kuuona kichwani: "Mama Anna alinunua mikungu 6 ya ndizi Marangu kwa shilingi 12,000 kila mkungu. Alilipa shilingi 6,000 kusafirisha mzigo wote hadi soko la Mbuyuni. Mkungu mmoja uliharibika njiani, akautupa. Iliyobaki aliuza shilingi 20,000 kila mkungu. Alipata faida ya shilingi ngapi?"

Mara ya kwanza, liandike ubaoni bila namba hata moja, acha mistari mitupu mahali pake. Watoto wasome kimya, kisha kila mmoja amsimulie jirani yake kwenye dawati kilichotokea. Hakuna kalamu mkononi. Dakika 3 zinatosha, hata darasa likiwa na watoto 70. Kule Monduli au Ngaramtoni, mtoto akitaka kusimulia kwa lugha ya nyumbani, mwache asimulie. Unachotafuta ni kama ameiona ile biashara: amenunua, amesafirisha, umeharibika mmoja, ameuza. Utashangaa ni wangapi wanasahau mkungu ulioharibika hata kabla namba hazijaingia.

Mara ya pili wanatafuta swali tu. Wakilipata, waandike sentensi ya jibu yenye pengo: "Mama Anna alipata faida ya shilingi ______." Sentensi hiyo iandikwe kabla ya hesabu yoyote. Ndiyo inayomzuia mtoto kuishia kwenye 100,000 na kuiita jibu.

Mara ya tatu sasa namba zirudi, na kila moja ipewe maelezo yake kwenye daftari: 12,000 ni bei ya kununua mkungu mmoja, 6,000 ni usafiri wa mzigo wote, 20,000 ni bei ya kuuza mkungu mmoja. Mtoto aliyeandika "mmoja" na "wote" hatazidisha 6,000 kwa 6. Hapo ndipo kazi nzima ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Hesabu yenyewe ni fupi: 72,000 na 6,000 ni 78,000 alizotumia, mikungu 5 kwa 20,000 ni 100,000 alizopata, faida ni 22,000. Ukikuta jibu 34,000, usiandike mkasi ukapita. Mtoto huyo amepata faida ya 8,000 kwa kila mkungu uliouzwa, akazidisha kwa 5, akatoa usafiri. Amesahau tu kwamba mkungu uliotupwa nao ulilipiwa 12,000. Mrudishe kwenye simulizi, asome sentensi ya tatu, kisha umwulize hela ya ule mkungu nani alimrudishia Mama Anna. Atajisahihisha mwenyewe.

Kuna maneno yanayohitaji kusomwa kwa darubini. "Tofauti" mtaani ni kutofanana, kwenye Hisabati ni kinachopatikana baada ya kutoa. "Toa 7 kutoka 15" inasomwa ikianza na 7, lakini inaandikwa ikianza na 15. Kigawo na kigawe huwachanganya hata watu wazima, na dawa imo ndani ya Kiswahili chenyewe: mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa, basi kigawe ni kinachogawanywa, kigawo ndicho kinachogawa, kama kifuniko kinavyofunika. Hivyo 4 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 4.

Alama nazo husomwa. Andika ubaoni 8 + 4 = __ + 5. Wakijaza 12, wanasoma "=" kama "jibu ni". Wafundishe kuisoma "ni sawa na", huku wakifikiria mizani ya dukani yenye sahani mbili, mpaka waione 7.

Na saa. "Basi liliondoka Moshi saa 11:30 alfajiri, likafika Arusha saa 1:15 asubuhi." Mtoto asiyesoma "alfajiri" na "asubuhi" atatoa 1:15 kwenye 11:30 na kupata saa 10 na dakika 15, safari ya kufika mbali zaidi ya Arusha! Achore mstari: dakika 30 hadi saa 12, kisha saa 1 na dakika 15. Jumla ni saa 1 na dakika 45.

Njia hii inakwama sehemu mbili. Ya kwanza ni mwalimu kusoma fumbo kwa sauti kila mara: darasa linasikiliza, halisomi, na siku ya mtihani hakuna wa kuwasomea. Soma kwa sauti kwa wale tu wanaosoma neno moja moja, na uwakatie sentensi ziwe fupi. Ya pili ni haraka. Kwa kipindi cha dakika 40, mafumbo 2 yaliyosomwa hivi yanatosha. Wakati wa kusahihisha, toa alama 1 kwa sentensi yenye pengo na 1 kwa maelezo ya namba, kabla hujaangalia jibu. Watoto huweka bidii pale wanapoona alama zinawekwa.