Aliyeuliza ukurasa wa mwisho uko wapi

Hadithi yangu ya kwanza niliituma kwenye kundi letu la waandishi, kwenye WhatsApp, usiku wa Jumapili, nilipomaliza kusahihisha madaftari ya darasa la sita. Ilikuwa na kurasa saba. Mpaka naenda kulala nilikuwa nimeshapata makofi, maua, mioyo, na sentensi kama "Hongera sana mwalimu, kalamu inatema cheche." Nililala na furaha yangu.

Asubuhi nikiwa kwenye daladala nikakuta ujumbe inboksi kutoka kwa dada mmoja wa Bujumbura ambaye hatukuwahi kusemezana. "Dada, umeamkaje? Hadithi imeishia pale mama anaposhika komeo la mlango? Naona kama kuna ukurasa umebaki. Tangu jana najiuliza nani alikuwa anabisha hodi."

Nikafungua faili. Kweli, nilikuwa nimetuma kurasa sita. Ile ya saba, yenye mwisho, ilibaki kwenye simu. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamenipongeza kwa hadithi isiyo na mwisho, na mmoja tu ndiye aliyetaka kujua nani yuko mlangoni.

Siwalaumu wale wengine. Watu wana kazi, wana wagonjwa, bando linaisha katikati ya mwezi. Walitaka mgeni ajione amekaribishwa, na nilijiona hivyo. Lakini huyu dada wa Bujumbura ndiye rafiki yangu mpaka leo, mwaka wa sita huu, na hatujawahi kuonana uso kwa uso. Nawaandikia ninyi mliojiunga na wenzenu mwaka huu, kwenye kundi lolote la kuandika, kwa sababu ya ule ujumbe wake wa asubuhi. Nilichojifunza kuhusu kumtia moyo mwandishi kimetoka humo: ulizia habari za watu wake, wale wa ndani ya hadithi.

Ukisoma hadithi ya mwenzako, mwambie ulichokiona. Ukiandika "Pale bibi alipofunga noti kwenye pindo la khanga akaipiga fundo mara mbili nimemkumbuka bibi yangu, lakini sikuelewa kwa nini mjukuu alirudi kijijini ghafla," umempa mwandishi vitu viwili vya kushika. Anajua fundo la khanga limefanya kazi. Anajua pia pana pengo kwenye safari ya mjukuu. Kesho yake ataketi aandike. "Hongera" peke yake ni salamu, na salamu ni njema, ila mtu haketi akaandika upya sura ya tatu kwa sababu amesalimiwa.

Soma za wenzako tatu au nne kabla hujatuma yako. Na ukituma, usitume riwaya nzima kwa mkupuo. Wengi wanasoma kwenye simu, njiani, kwa mwanga wa usiku huku mtoto amelala kifuani. Kurasa mbili tatu zitasomwa, kurasa arobaini zitaahidiwa kusomwa.

Kwa upande wa mashairi, mwalimu wangu amekuwa mzee mmoja wa Pemba, mstaafu, ambaye haandiki maoni kabisa. Hutuma ujumbe wa sauti. Analisoma shairi lako kwa sauti yake, taratibu, na wewe unasikiliza. Siku moja nilituma beti nne, na ndani yake mna mshororo huu: *Nilikuita jioni, hukuja kaniacha.* Akausoma mara moja, akasita. Akaurudia, akasita palepale. Mara ya tatu sauti ikajikwaa tena, halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, ukwapi umekaa vizuri. Huo utao hebu uhesabu kwa vidole." Ukwapi ni kipande cha kwanza cha mshororo, utao ni cha pili, na mizani ni hesabu ya silabi zake; kila kipande nilikikusudia silabi nane. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Nikahesabu hivyohivyo na vidole vyangu vya unga: hu-ku-ja-ka-ni-a-cha. Saba. Nikairudisha ile *u* niliyoila, *hukuja ukaniacha*, zikawa nane, na mshororo ukatembea. Angeweza kuandika "mizani haijatimia" akamaliza. Alichagua kunisomea mara tatu, na tangu siku ile kila ubeti nausoma kwa sauti kabla ya kuutuma kwa mtu.

Mzee huyu hupenda kutukumbusha kwamba jambo hili la kusomana na kujibizana tumelirithi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na mahali pa mashairi, na washairi wa miji mbalimbali walijibizana humo kwa tungo, huyu akiuliza, yule akijibu toleo lingine. Kujibiwa kulikuwa kunasubiriwa kwa majuma. Leo jibu linafika kabla chai haijapoa, na nadhani ndiyo sababu tunajibu bila kusoma.

Jambo la lugha nalo linahitaji moyo mpana. Tunaandika kutoka Tanga, Mombasa, Unguja, Goma, Bujumbura, wengine wako Maskati kikazi. Dada mmoja wa Mombasa aliandika hadithi ambamo nyanya anamwita mjukuu, "Ndoo, mwanangu." Kijana wa Dodoma akamsahihisha mbele ya wote kwamba ndoo ni ya kuchotea maji, neno sahihi ni "njoo". Alikuwa na nia njema kabisa. Lakini Mombasa mtu akikwambia "ndoo" anakwambia uje, na lile neno lilikuwa sauti ya nyanya mwenyewe. Dada alikaa kimya siku nzima, kisha akamwandikia: "Kaka, ukilibadilisha hilo neno, nyanya atakuwa wa mtu mwingine." Kijana aliomba radhi, na sasa ndiye anayeuliza maneno ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kuliko sote. Kabla hujasahihisha neno la mwenzako, muulize kwao linasemwaje.

Sasa nisimulie lililoniuma, maana nisiposimulia nitakuwa nimewapa ushauri nusu.

Mwaka wangu wa pili kwenye kundi alijiunga kijana wa miaka kumi na tisa. Akatuma hadithi ya wavuvi wa usiku. Nikaisoma yote, tena kwa makini, na kwa kuwa nimezoea kalamu nyekundu nikamwandikia mbele ya watu zaidi ya mia makosa kumi na moja, nikiyapa namba: hapa umeandika *l* badala ya *r*, hapa nukta hakuna, hapa aya ni ndefu, hapa wakati umebadilika. Kila kosa lilikuwa kosa kweli. Sikusema neno hata moja kuhusu wavuvi. Akajibu, "Ahsante mwalimu." Usiku uleule kundi likaandika ile mistari ya kijivu kwamba namba yake imetoka. Nilimfuata inboksi nikamwomba radhi. Tiki zikawa za buluu, jibu halikuja.

Nilidhani kusoma kwa makini kunatosha. Nilikuwa nimesoma kila herufi, na yeye hakuona popote kwamba nimekutana na mtu wake hata mmoja.

Tangu hapo nauliza kwanza: "Hii tuifurahie tu, au umeiweka mezani tuipasue?" Wengine wanajibu waziwazi kwamba leo wanataka kusomwa basi, wamechoka. Hiyo ni haki yao. Akisema tuipasue, naanza na kilichonishika, kisha nataja jambo moja kubwa, lile ambalo likirekebishwa hadithi nzima inasimama. Tahajia naiweka mwisho, tena inboksi. Na akiwa ni mara yake ya kwanza kutuma, tahajia naiacha kabisa mpaka hadithi ya pili.

Wivu upo, msiogope kuutaja. Tuzo zinapotangazwa, kama ile ya Safal-Cornell ambayo zamani ikiitwa Mabati-Cornell, au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, wengi wetu tunapeleka miswada kulekule. Tunasomeana miswada itakayoshindana. Rafiki yangu wa kundi aliwahi kupata nafasi mahali nilipoomba mimi pia nikakosa. Sikuweza kumpongeza siku ile. Nilimwandikia baada ya siku mbili, nikamwambia ukweli kwamba nilihitaji hizo siku mbili, na kwamba sura yake ya msibani ilistahili. Alinijibu kwamba pongezi yangu ndiyo aliyoisoma mara nyingi zaidi, kwa sababu ilitaja msiba. Kama huna nguvu ya kupongeza leo, pongeza keshokutwa, lakini taja kitu.

Kuhusu kuibiana nitasema kifupi. Kazi ya mwenzako usiisambaze kundi jingine bila ruhusa yake, hata kama nia ni kumtangaza. Jina huanguka njiani, hadithi inabaki haina mwenyewe. Muswada uliokamilika, msaidie ausajili kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO.

Halafu kuna watu wanaonyamaza. Huwezi kuona kwenye simu mtu aliyekaa kona akiwa ameinama. Unachoona ni kwamba jina lake halijatokea. Dada wa Morogoro alikuwa akituletea hadithi ya kuendelea kila Ijumaa, na sehemu ya mwisho aliyotuma ilimwacha msichana na begi lake stendi ya Msamvu, mvua inanyesha, basi halijaja. Ijumaa iliyofuata, kimya. Na nyingine. Wachache wakaanza kumdai kwa utani sehemu inayofuata. Yule wa Bujumbura akatuandikia sisi watatu pembeni: tusimdai, kuna jambo. Ndivyo ilivyokuwa, alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake. Tukachanga kidogo, tukawa tunampigia kwa zamu, na habari za hadithi hatukuzigusa. Ilipopita miezi mitatu, mama ameruhusiwa kurudi nyumbani, ndipo mmoja wetu alipomwandikia: "Yule binti wa Msamvu amepata japo kiti cha kukaa?" Hakujibu siku hiyo. Wiki mbili baadaye ikaja aya moja, fupi, muuza kahawa anamsogezea binti benchi chini ya paa. Hakuna basi bado. Tuliisoma kama barua ya nyumbani.

Ningependa nimalizie kwa yule kijana wa wavuvi, endapo maneno haya yatamfikia popote alipo. Hadithi yako ninayo. Nimeisoma tena mara nyingi bila kalamu mkononi. Yule mvuvi mdogo anayehesabu taa za ufukweni ili asisinzie, na kila akihesabu anakuta zimepungua moja, bado namwona. Ulituachia akiwa amefika taa ya nne. Mdogo wangu, alirudi pwani?